Sentimita Kumi na Tano na Nusu

Alhamisi ile, nilipofungua karakana, niliukuta mkono umejifunga wenyewe juu ya meza.

Sikushtuka. Jua la saa tatu hupenya dirisha la mashariki na kutua pale pale ninapouweka, na joto lake huzitosha nyaya zilizo ndani. Nilijua sababu yake vizuri. Kwa miaka kumi na miwili nimeifundisha chuoni, kwa chaki na kwa mifano. Hata hivyo nilisimama mlangoni, mkoba ukiwa bado begani, nikasema kwa sauti ya chini, "Umeamkaje?"

Mkono ulishika hewa kwa muda. Kisha wingu likafunika jua, mpira ukapoa, vidole vikafunguka kimoja kimoja, na cha mwisho kikawa kile kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake.

Nasema desturi yake, ingawa mkono ule niliuchapa mimi. Mashine yetu ya kuchapa hutandaza mpira laini uzi juu ya uzi, tabaka juu ya tabaka, kwa saa kumi na nne, mpaka kiganja kinasimama kamili, kikiwa na mistari yake na mikunjo yake. Hakuna mfupa ndani, wala chuma kigumu. Ndani ya kila kidole hupita waya mwembamba wa aloi yenye kumbukumbu. Waya huo ukifungwa kwenye kalibu na kuokwa kwa joto la nyuzi mia tano, hulishika umbo la kalibu ile. Baada ya hapo unaweza kuupinda utakavyo. Ukiupasha joto kidogo, hurudi katika umbo ulilofundishwa. Umeme kidogo wa betri huutosha. Jua huutosha. Kikombe cha chai pia huutosha.

Ukutani, juu ya tanuri, kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: MKONO UFUNDISHWE NA MWENYE MKONO. Mwandiko huo ni wa mume wangu. Ndiyo ilikuwa kanuni yake ya kwanza tulipoianzisha karakana hii pamoja: mtu akija akiwa amepoteza mkono mmoja, tuupige picha ule uliobaki pande zote, tuugeuze kwenye kompyuta, tuchape kalibu yake kwa unga wa chuma. Asiazimwe mkono wa mtu mwingine.

Mume wangu alianguka miaka mitatu iliyopita, kwenye ngazi za chuo, akiwa na daftari za wanafunzi kwapani, akafia njiani kwenda hospitali. Kalibu ya mkono wake wa kushoto, ya chuma, ilibaki kwenye rafu ya juu, chini ya kitambaa cheupe. Nayo haikukaa bure.

*

Saa kumi na dakika nne mlango uligongwa kwa mtindo wa mtu anayejua kwamba anasubiriwa.

"Hodi kwa daktari wa mpira!"

"Karibu. Umechelewa dakika nne."

"Dakika nne?" Alicheka huku akivua kofia. "Mwalimu, kuna watu wamenisubiri mimi tangu mwezi uliopita kwa suruali moja, na hakuna aliyenihesabia dakika."

Huyo ndiye Sindano. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake katika kiwanda cha nguo, kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu maneno yake huchoma kidogo kabla ya kushona. Mashine ya kukatia vitambaa ilimchukua mkono wa kushoto hukohuko kiwandani. Alipopona alifungua kibanda chake, akawa anashona kwa mkono mmoja na kwa meno. Tulikuwa katika mwezi wa tano wa majaribio. Ijumaa hadi Jumanne alikaa na mkono nyumbani. Jumatano aliuacha nikague. Alhamisi alikuja kuuchukua.

Nilimfunga mikanda begani na kwenye kigutu chake. Alinitazama usoni muda wote. Mimi nilitazama vifungo.

"Umelala?" aliuliza.

"Nimelala."

"Macho yako hayakubaliani na mdomo wako."

"Chai imeiva," nikasema.

Nilimwekea kikombe upande wa kushoto, kama siku zote. Alikizungushia mkono ule wa mpira. Mvuke ulipanda, vidole vikaanza kuamka. Kidole cha shahada kilitangulia, vingine vikafuata, na kile kidogo kikaja mwisho, kimepinda kwa nje kidogo. Ningekitambua kidole kile gizani.

"Dada yangu amenikataza," Sindano alisema.

"Amekukataza nini?"

"Kukuoa. Anasema mwanamke aliyenitengenezea mkono atataka kunitengenezea na akili. Nikamwambia hiyo itakuwa nafuu, maana hii niliyo nayo ina mishono mibovu."

Nilitabasamu. Siku saba kabla ya hapo, katika kiti kile kile, alikuwa ameniambia, "Nataka kukuoa, Mwalimu. Usinijibu leo. Kitambaa kizuri hakikatwi kwa pupa. Nijibu Alhamisi." Nilikuwa nimeyarudia maneno hayo jikoni, darasani na kitandani. Kila nilipotaka kusema ndiyo, nilihisi baridi kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Sijauliza bado," alisema, kana kwamba alinisoma. "Naona unatafuta pa kukimbilia. Kwanza nina swali la kifundi."

"Uliza."

Alivua shingoni mwake futikamba ya njano, ile anayowapimia wateja, akailaza mezani kati yetu.

"Mkono huu ukijifunga wenyewe, unaacha tundu. Nimelipima Jumatatu, nikalipima tena Jumanne. Mzunguko wake ni sentimita kumi na tano na nusu. Nikajiuliza: ni kitu gani hicho kilichokusudiwa kukaa humu? Kikombe hiki ni ishirini na nne. Mpini wa pasi ni kumi na mbili. Mkasi, kitasa, chupa, mpini wa baiskeli, vyote nimevipima. Jirani ananiuliza kama nimepewa kazi ya kuivalisha baiskeli yake suti."

"Ni kipimo cha wastani."

"Wastani wa nini?"

Nilianza kukoroga. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu na chai yangu haikuwa na sukari ya kukoroga.

"Kila Alhamisi kabla sijaondoka," aliendelea polepole, "unatia kifundo chako ndani ya mkono huu. Unauita mtihani wa mwisho. Unafumba macho, unahesabu hadi ishirini. Mwanzoni nilidhani unahesabu kwa ajili ya kazi. Baadaye nikadhani unahesabu kwa ajili yangu, na nikaenda nyumbani nikiimba." Alinyoosha mkono wake wa kulia, kiganja juu. "Nipe kifundo chako."

"Sindano..."

"Nipe, Mwalimu. Mimi ni fundi. Napima tu."

Nilimpa. Aliizungusha futikamba kwa vidole vitatu, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kufanya kazi ya mikono miwili kwa mmoja. Hakuivuta, hakuilegeza.

"Kumi na tano na nusu," alisema, kwa sauti ile ile anayowatajia wateja mzunguko wa kiuno. Kisha akaiachia. "Ni mkono wa nani huu?"

"Wa mume wangu."

Hakuondoka kwenye kiti. Nilitamani aondoke, au apige meza. Aliutazama tu mkono uliofungwa mikanda kwenye kigutu chake, kama mtu anayeambiwa kwamba koti alilolivaa siku zote hizi lilitoka kwenye maiti.

"Nieleze," alisema. "Kwa mpangilio, kama unavyowaeleza wanafunzi."

Nikamweleza. Siku tuliyompiga picha mume wangu ili tujaribu mashine, nilimpa kijiti cha mbao ili akishike. Alikitupa. "Kijiti hakina mapigo," alisema, akanishika kifundo. Kamera zikatuzunguka pande zote. Baadaye, kwenye kompyuta, nilikifuta kifundo changu, nikabakiza mkono wake peke yake, umeshika nafasi tupu. Tulicheka sana siku ile. Kalibu ikachapwa hivyo hivyo.

"Ulipokuja," nikasema, "kamera zilikuwa zimeharibika. Nilijiambia nitatumia kalibu ya zamani kwa wiki moja, kwa majaribio tu. Mkono ulipoamka mara ya kwanza kwenye kikombe chako, sikuweza tena. Kamera zilitengenezwa wiki iliyofuata."

"Miezi mitano."

"Ndiyo."

"Ukaninywesha chai miezi mitano." Alicheka bila furaha. "Na mimi sipendi chai! Nilikuwa nakunywa kwa sababu mkono wangu ukipata joto, wewe ulikuwa unanitazama. Kumbe ulikuwa unapasha moto mtu mwingine."

 Mlango ukagongwa, mara tatu, kwa fimbo.

*

Mama mkwe wangu ni muuguzi mstaafu. Miaka arobaini amepokea watoto wa watu, na bado anatembea kama mtu anayekwenda kuhakikisha vitanda vimetandikwa. Aliingia, akaviona vikombe viwili, akaiona kofia ya kiume kwenye msumari uliowahi kuwa wa mwanawe.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

"Karibu, mama."

"Sijaja kukaa. Nimeambiwa kuna mshonaji. Nikasema, niende nimwone kwa macho yangu huyo anayekuja kila wiki mahali alipokuwa anafanya kazi mwanangu."

Sindano alikuwa ameshasimama. Kwa adabu aliyolelewa nayo, aliinama, akampokea mkono kwa mikono yake yote miwili, wa kulia chini na wa kushoto juu.

"Shikamoo, mama."

Chai ilikuwa imeupasha mkono wa kushoto. Niliona litakalotokea, na sikuwahi. Vidole vya mpira vilimzunguka mama mkwe kwenye kifundo, vikatua.

"Maraha..." alisema, akakatika.

Alikishika kile kidole kidogo. Alikipapasa kutoka mzizini hadi kwenye kucha isiyokuwapo, akafika pale kinapopindia nje, akasimama hapo. Fimbo yake ilianguka sakafuni na hakuna aliyeiokota.

"Baba?" aliuambia mkono. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita mwanawe.

"Mama," nikasema, "ni mashine tu."

"Usinifundishe." Hakunitazama. "Alianguka ukutani akiwa na miaka tisa. Kidole hiki nilikifunga mimi, usiku wa zamu, kwa haraka, nikakifunga vibaya. Miaka yote nikimwona ameshika kalamu, nilikiona kosa langu. Unaniambia ni mashine? Mashine imejulia wapi kosa langu?"

Machozi yake yalikuwa yakidondoka juu ya mpira, moja baada ya jingine. Mimi nami nilikuwa nimesogea bila kujua, na mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wake, juu ya mkono ule. Tulikuwa wanawake wawili tumeinama juu ya sehemu moja ya mwili wa mtu, na mtu mwenyewe amesimama pale, hakuna anayemtazama usoni.

"Usiubadilishe," mama mkwe alininong'oneza. "Nisikilize. Nilikuja kukukataza, sikukatazi tena. Akuoe, fanyeni mtakavyo. Ila mkono huu ubaki hivi hivi. Nitakuwa nakuja Alhamisi. Nitakaa kule pembeni, sitasema neno."

Sijui kama atanisamehe msomaji wa maneno haya: nilifikiri, kwa nukta moja nzima, kwamba hilo lilikuwa jambo jema. Nilimwona Sindano kwenye meza yangu maisha yangu yote, na kikombe cha moto upande wake wa kushoto.

Tulisikia vifungo. Alikuwa anafungua mikanda, kwa mkono mmoja na kwa meno, kama alivyofanya kabla ya kunijua.

"Mama, samahani," alisema. Akauvua mkono taratibu kutoka kwenye kifundo cha mama mkwe, akaulaza mezani. "Nilikuja kumposa mwanamke. Naona nimeuposa msiba, tena wa watu wawili. Mkono huu ni wenu. Mimi nitakaa nje kwenye benchi mpaka karakana ifungwe. Mwalimu, nilikuuliza swali wiki iliyopita. Nililiuliza kwa mdomo huu." Aliugusa mdomo wake. "Huu hukuuchapa wewe."

Alichukua kofia yake kwenye msumari na kutoka. Hakuubamiza mlango.

*

Mama mkwe alivuta kiti cha Sindano, akakaa. Aliuvuta mkono kifuani, akaukumbatisha kikombe kilichobaki na joto, akasubiri. Vidole viliamka. Akatia kifundo chake ndani.

Nilimwona akikunja uso. Akakisogeza kifundo. Akakigeuza.

"Haunifikii," alisema.

Kifundo chake kimekonda kwa uzee. Mkono ulijifunga kwa ukamilifu, lakini kati ya mpira na ngozi yake ilibaki nafasi ya kupita kidole upande mmoja. Ulikuwa umeshika kitu, na kitu hicho hakikuwa yeye.

"Tia chako," aliniamuru.

Nilitia. Ukakaa sawasawa, bila pengo, kama siku ile kamera zilipotuzunguka. Nikafumba macho. Moja. Mbili. Tatu. Nilipofika kumi na tisa mpira ulianza kupoa, vidole vikaanza kuachia, cha shahada kwanza, na kile kidogo mwisho. Nikafumbua macho.

Mama mkwe alikuwa akinitazama mimi, hakuwa akiutazama mkono.

"Kila mara unaachia hivyo?"

"Ukipoa, ndiyo."

"Na wewe unakaa hapo ukimwona anaachia. Kila wiki." Alipangusa macho kwa ncha ya mtandio wake. "Nilikuwa naye kwenye gari la wagonjwa siku ile. Ameushika mkono wangu. Wake uliachia hivi hivi, mwanangu. Cha mwisho kilikuwa hiki kidogo. Mimi nimeliona mara moja, na bado naamka nikiwa nimefunga ngumi. Wewe umeliona mara ngapi?"

Alhamisi ishirini na moja. Sikusema, lakini nadhani alinihesabia.

"Na ile?" Alielekeza kidole kwenye karatasi ya ukutani. "Si mwandiko wake ule?"

"Ni wake."

"Inasemaje? Macho yangu hayafiki."

Nilisoma. Sauti yangu ilipasuka kwenye neno la mwisho, kama kikombe kilichotiwa maji ya moto ghafla.

 Nje, mtu alikuwa akifagia korido. Ufagio ulikuja, ukapita, ukaenda zake.

"Sitakwambia uolewe na yule," mama mkwe alisema hatimaye. "Usinitake hilo. Kofia yake kwenye msumari ule imenichoma, na itanichoma hata kesho. Lakini mwanangu hakuwa mtu wa kuvaliwa na watu. Kalibu iko wapi?"

Nilipanda kwenye kigoda, nikaitoa ile ya chuma kutoka kwenye rafu. Nikaifunua. Iling'aa kidogo, imeshika nafasi yake tupu. Nilijua maana ya ninachofanya: nyaya zikiokwa upya bila kalibu hii, hakutakuwa na njia ya kuzirudisha. Picha za kompyuta nilizifuta mwenyewe mwaka wa kwanza, nikiamini chuma kinatosha.

"Ni nzito, mama."

"Nilimbeba miezi tisa. Lete."

Aliivingirisha katika mtandio wake, akaibana kwapani. Niliokota fimbo, nikampa. Mlangoni aligeuka.

"Yule mshonaji, kile kigutu chake kimeshonwa vizuri. Nani alimshona?"

"Sijui."

"Muulize. Miezi mitano, hujui?" Akatoka, fimbo yake ikigonga sakafu ya korido, na nilisikia ikisimama mbele ya benchi. Hakusema kitu kirefu. Alisema, "Kaa, baba, usiinuke," kisha fimbo ikaendelea.

*

Nilimkuta Sindano kwenye benchi, amekaa wima, kofia juu ya goti, anavuta nyuzi zilizolegea kwenye ukingo wake.

"Ameniita baba," alisema.

"Humwita hivyo kila mtu aliye mdogo kwake."

"Usiniharibie."

Niliketi kando yake, upande wa kulia, upande wenye mkono. Sikuugusa.

"Nani alikushona kigutu?" niliuliza.

Aligeuka kunitazama kwa mshangao. "Daktari mmoja mwanamke, mfupi, mwenye miwani. Nilimwambia mshono wake wa nyuma ni safi kuliko wangu. Kwa nini?"

"Kwa sababu sikuwahi kukuuliza. Ingia ndani, Sindano. Nataka mkono wako."

"Upi?"

"Wako."

Kamera zilikuwepo, kijiti cha mbao kilikuwepo. Nilimwekea vyote mezani na kumwambia anishikie kitu. Alivitazama, akatikisa kichwa.

"Kazi yangu si kushika, Mwalimu. Mkono wa kushoto wa mshonaji haushiki kitambaa. Unakilaza, unakituliza, unakiongoza chini ya sindano. Miezi mitano nimekuwa nikipigana na vidole hivi. Nawaambia tulieni, vinajikunja. Sikutaka kukuvunja moyo."

Hilo sikulijua. Mimi, mwalimu wa somo lenyewe, sikuwahi kumtazama akishona.

Alitoa mfukoni kipande cha chaki bapa ya kuchorea nguo. Akalaza kiganja chake cha kulia juu ya karatasi ya kaki, akanipa chaki mimi. Nilipita pembeni ya kila kidole, nikashuka kwenye kila bonde kati yao, nikapanda tena. Nilikuta kovu la pasi kwenye kidole gumba na ugumu wa mkasi kwenye cha kati. Joto lake lilikuwa la mtu tu. Halikuwa la chai.

"Sasa ugeuze," alisema. "Kama mikono ya shati: kata moja, ukiigeuza unapata wa pili."

Niligeuza karatasi. Ukawa wa kushoto: umefunguka, umelala, haukushika chochote.

Nikazichomoa nyaya kutoka kwenye mpira. Nilizilaza moja moja juu ya bamba la chuma, kwa kufuata mchoro ule, nikazibana kwa skrubu zikiwa bado baridi na tiifu. Nikatia bamba ndani ya tanuri na kugeuza kitasa hadi mia tano.

Tulisimama mbele ya kioo kidogo cha tanuri, bega kwa bega. Joto lilipofika arobaini na tano, zilianza. Nyaya zilikumbuka. Zilitaka kujikunja, zikavuta skrubu, na chuma kikalia: tik. Kimya. Tik, tik. Kama vidole vinavyogonga mlango kutoka upande wa pili. Ule wa kidole kidogo ulipigana kuliko wote, na niliona bamba zima likitetemeka kwa nguvu ya uzi usiozidi unene wa unywele.

"Zinaumia?" Sindano aliuliza kwa kunong'ona, mtu mzima, fundi.

"Hapana."

"Na wewe?"

"Mimi ndiyo."

Hakunishika. Alisimama tu pale. Mia mbili. Mia tatu. Tik. Nilikiweka kifundo changu cha kushoto ndani ya kiganja changu cha kulia, nikahesabu. Nilihesabu hadi ishirini, nikapita ishirini, nikaendelea kwa mara ya kwanza katika miezi mitano. Mahali fulani baada ya nyuzi mia nne na tisini za joto, kelele zilikoma. Sikusikia mwisho wake. Nilisikia tu kwamba pamekuwa kimya, na kwamba kimya kile kilikuwa kimeanza kitambo.

Nilizima tanuri.

"Mpira utachapwa upya," nikasema, nikisikia sauti yangu kana kwamba inatoka darasa la jirani. "Utalala ukiwa umejikunja, na ukiupasha utafunguka. Hautamshika mtu tena wenyewe. Atakayeutaka itabidi aushike yeye. Njoo Alhamisi, saa kumi."

"Hilo ndilo jibu?"

"Hilo ni la mkono. La mdomo nitakupa siku hiyo, na dakika nne zako sitazihesabu." Nikavichukua vikombe viwili vya chai, nikavimwaga kwenye sinki. "Ila sitaweka chai."

"Hata nikija na kiu?"

"Utakunywa maji baridi," nilimwambia, na ndipo nilipomtazama usoni, nikaona kwamba jicho lake moja ni jeusi kidogo kuliko lingine. "Nataka nijue anayenishika ni nani."